Uliza Kabla ya Kushika Penseli: Ushauri kwa Mchoraji wa Vifungashio

Keko inajulikana kwa samani. Fundi seremala wa Keko hakati mbao kabla hajauliza chumba kina ukubwa gani, mlango una upana gani, mteja anataka mninga au mkongo, na kazi inahitajika lini. Anachukua vipimo, anapokea advansi, kisha ndipo anashika msumeno. Mchoraji wa mtaa huo huo, akipewa kazi ya kuchora lebo ya achari au paketi ya unga wa lishe, mara nyingi hafuati utaratibu huo. Anapigiwa simu, anaambiwa "nichoree kitu kizuri", anakubali hela ya haraka na kukesha na kompyuta. Baada ya mwezi anakuta mchoro wake umefifia juani, umekatwa kichwa kwenye mkunjo wa paketi, au umebandikwa kwenye bidhaa nne ambazo hakuwahi kuambiwa habari zake.

Nawaandikia vijana wa Keko Magurumbasi, Keko Machungwa, Keko Juu, Chang'ombe na kwingineko wanaojua kuchora na wanaotaka mkono wao uwalishe. Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote ni matawi yake: jua safari nzima ya mchoro wako kabla ya kuuchora. Jua utauzwa wapi, utachapwa kwa mashine gani, sheria inataka nini juu yake, na utatumika kwa muda gani. Anayeyajua hayo hutoa mchoro unaofanya kazi, na anaweza kutaja bei yake bila kutetemeka.

Mahali ulipo ni pazuri. Viwanda vya Barabara ya Nyerere na Chang'ombe viko jirani, Kariakoo na wachapaji wake si mbali, na viwanja vya Sabasaba viko Barabara ya Kilwa, humo humo Temeke. Kina mama wanaosaga viungo, vijana wanaokamua juisi, vikundi vinavyotengeneza siagi ya karanga, sabuni na asali, wote wanahitaji vifungashio. Ila ujue kwamba soko hili hutikiswa na sheria. Machi 1, 2017 pombe kali ya viroba ilipigwa marufuku. Juni 1, 2019 ikafuata mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Kila mara michoro iliyokuwa ikitembea nchi nzima ilikosa kazi, na mingine mipya ikahitajika kwenye chupa, karatasi na mifuko mbadala. Ndiyo maana malipo yako hayatakiwi kungoja bidhaa iuzike.

Maswali ya kwanza

Mteja akija, usimwonyeshe michoro kwanza. Muulize, na majibu uyaandike:

- Bidhaa ni nini hasa, na ndani yake mna nini?
- Itafungwa kwenye nini: chupa ya kioo, chupa ya plastiki, kopo, boksi, paketi ya plastiki, karatasi ya khaki au mfuko wa sandarusi?
- Ujazo uko wa aina ngapi? Gramu 100 na kilo 1 ni lebo mbili tofauti.
- Itauzwa wapi: maduka ya mtaani, supamaketi, kwenye ndoo ya barafu stendi, au nje ya nchi?
- Nani anachapa, na rangi ngapi?
- Mchoro utatumika kwenye nini kingine: mabango, fulana, gari la kusambazia, mitandao?
- Nani mwenye neno la mwisho? Kama ni mume, mke na mbia wao, wote watatu waone rasimu kwa pamoja.

Mteja asiyeweza kujibu bado hajawa tayari, lakini usimfukuze. Msaidie kufika kwenye majibu, kwa kuwa hapo ndipo anapoanza kukuona kama mtaalamu. Kisha mwombe bidhaa yenyewe. Onja achari, nusa viungo, shika chupa. Huwezi kuchora vizuri kitu unachokijua kwa jina tu.

Mchoro utaonekana wapi

Vitabu vingi vya ubunifu vimeandikwa kwa ajili ya supamaketi, mahali ambapo mteja anaokota bidhaa na kuigeuzageuza. Nenda kasimame mbele ya duka la kawaida la Keko uone tofauti. Kuna nondo dirishani. Mteja yuko nje, bidhaa ziko kwenye shelfu nyuma ya muuzaji, hatua mbili au tatu kutoka alipo. Ndani kuna giza kidogo. Mara nyingi aliyetumwa ni mtoto, na mtoto huyo hataji jina la kampuni, anaomba "ile yenye picha ya ng'ombe". Kwa hiyo mchoro wako ndio jina la bidhaa kwa mtu asiyeisoma lebo. Uwe na umbo moja kubwa linalotambulika kutoka mbali, linaloweza kutajwa kwa neno moja. Ukiweka shamba, mto, mlima, mama mwenye kapu na jua linalochomoza, mtoto hatajua aombe nini.

Wakenya wana mfano mkubwa wa hili. Bia ya Tusker ilizaliwa miaka ya 1920, na mpaka leo kichwa cha ndovu kinatosha kuitambulisha hata kwa asiyesoma herufi moja. Umbo moja lililosimama peke yake limebeba bidhaa karibu miaka mia.

Angalia pia jinsi bidhaa zinavyowekwa. Vipaketi vidogo vya viungo na kahawa huning'inizwa kwa mnyororo dirishani, kwa hiyo sehemu ya juu hutobolewa au kufichwa na kipaketi cha mbele yake. Usiweke jina pale. Chupa ya mviringo ikitazamwa kwa mbele huonyesha kama theluthi moja tu ya lebo yake, na picha inayozunguka chupa nzima haitaonekana nzima hata siku moja. Juisi inayouzwa kwenye ndoo ya barafu huloa, na stika ya karatasi hubanduka kabla ya saa sita mchana. Mshauri mteja atumie stika ya plastiki. Na bidhaa inayokaa juani kwenye meza ya machinga hupoteza wekundu na njano mapema kuliko rangi nyingine. Kama mchoro wako wote umesimama juu ya rangi nyekundu, baada ya miezi michache utabaki mzuka. Uupe mchoro mistari ya rangi iliyokolea, ili rangi ikififia umbo libaki.

Chora kilichomo

Hapa ndipo mchoraji wa nyumbani anapomshinda yeyote anayepakua picha mtandaoni. Picha za kupakua zina nyanya za duara zinazong'aa na pilipili ambazo hazijawahi kufika Soko la Temeke Stereo. Mnunuzi wetu anajua nyanya anayoipikia, na anajua kutofautisha embe dodo na embe bolibo, pilipili mbuzi na pilipili kichaa. Akiona embe asilolijua kwenye chupa, moyo wake unasita hata kama hawezi kusema kwa nini.

Kwa hiyo nenda sokoni, nunua, weka mezani, chora. Kama ni viungo vya pilau, chora karafuu yenye taji lake la pembe nne na kichwa cha mviringo katikati, hiliki yenye pande tatu na mistari mirefu, kijiti cha mdalasini kilichojikunja kutoka pande mbili, bizari nyembamba yenye mifereji, na pilipili manga zilizokunjamana. Ukizichora hivyo, mama wa Keko na bibi wa Pemba watazitambua mara moja. Ukichora vidoa vya kahawia, hakuna atakayejua umechora nini.

Ukweli huo unadaiwa pia na kanuni. Codex, misingi ya kimataifa ya chakula ambayo viwango vya Afrika Mashariki vinaifuata, inakataza lebo kumdanganya mlaji kwa maneno au kwa picha. Kinywaji chenye ladha ya embe tu, bila embe lenyewe, hakitakiwi kuchorewa embe linalochuruzika juisi kana kwamba limekamuliwa humo. Unga uliochanganywa mahindi na soya usichorewe korosho kwa sababu korosho inapendeza. Mwambie mteja akutumie orodha ya viambato, na uchore kutoka kwenye orodha hiyo.

Kuna picha mbili ambazo huagizwa sana nawe unapaswa kuziogopa. Ya kwanza ni mtoto mchanga. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 kuhusu maziwa mbadala ya maziwa ya mama inakataza picha za watoto wachanga kwenye makopo ya maziwa hayo, ili mama asivutwe kuacha kunyonyesha. Mwenye unga wa lishe akikuagiza mtoto mnono, mwombe kwanza aende Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kuuliza kuhusu bidhaa yake. Wakati anasubiri jibu, mchoree bakuli la uji na nafaka zilizomo. Ya pili ni picha ya tiba. Moyo mwekundu kwenye pakiti ya mlonge, au kipimo cha presha kwenye chai ya tangawizi, ni dai la kutibu hata bila neno lolote, na chakula hakiruhusiwi kudai kuwa kinatibu. Picha nayo husema, na wewe uliyeichora ndiye uliyeisemesha.

Acha nafasi ya sheria

Wachoraji wengi hujaza lebo yote kwa uzuri, kisha maneno ya lazima yanakuja mwishoni na kubandikwa juu ya sura ya mchoro. Fanya kinyume chake. Anza kwa kupanga nafasi ya maneno hayo, kisha uchore kwenye nafasi iliyobaki.

Lebo ya chakula huhitaji jina la bidhaa, orodha ya viambato, uzito au ujazo halisi, jina na anwani ya mzalishaji, nchi ilikotengenezwa, namba ya toleo, tarehe, na namna ya kuhifadhi na kutumia. Tarehe na namba ya toleo hupigwa muhuri baadaye, kwa hiyo acha kidirisha cheupe kisicho na mchoro. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), kwa hiyo mteja anayesimuliwa habari za TFDA kwenye chakula mwelekeze TBS. Alama ya ubora ya TBS usiiweke kabla mteja hajapata leseni yake. Acha nafasi yake, na subiri akuonyeshe karatasi.

Halafu kuna alama ya mistari, yaani bakodi. Kwa hapa nchini inatolewa na GS1 Tanzania, na namba zake huanza na 620. Ukubwa wake kamili ni karibu milimita 37 kwa 26, na unaweza kupunguzwa hadi asilimia 80, yaani karibu milimita 30 kwa 21. Usiipunguze zaidi ya hapo, wala usiikate ipate kutosha. Mistari iwe ya rangi iliyokolea juu ya rangi nyepesi, na kamwe isiwe myekundu, kwa sababu mashine nyingi za dukani husoma kwa mwanga mwekundu na mistari hiyo kwao haionekani. Kwenye chupa nyembamba, igeuze ili mistari ilale kama vidato vya ngazi. Ikisimama, sehemu yake itakimbilia nyuma ya mviringo.

Kwa vinywaji, kumbuka stempu ya kodi ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato, ambayo ilianza mwaka 2019 kwa pombe na sigara na baadaye ikafika kwenye vinywaji baridi, maji na juisi. Muulize mteja stempu yake itakaa kwenye kifuniko, shingoni au ubavuni. Ukishindwa kuuliza, itabandikwa juu ya mchoro wako.

Ongea na mchapaji

Kabla ya rasimu ya mwisho, nenda kwa mchapaji mwenyewe au mpigie. Kila mashine ina tabia zake. Stika za idadi ndogo huchapwa kwa mashine za kidijitali, na hapo unaweza kutumia rangi nyingi. Maboksi huchapwa kwa ofseti, ambayo hutoa mistari myembamba vizuri. Paketi za plastiki huchapwa kwa flekso au grevia, na humo kila rangi ina sahani au silinda yake inayolipiwa. Mchoro wa rangi nane ukibuniwa upya kwa rangi nne humwokolea mteja wako fedha nyingi, na ukimweleza hivyo atakuamini. Mifuko ya sandarusi ya kilo 25 ina uso wa kusukwa. Mistari myembamba huzama humo na herufi ndogo huzibana. Chora kwa unene.

Rangi pia huhama kidogo kila mashine inapokimbia. Mchoro wenye rangi mbili zinazogusana bila mpaka utaonyesha ufa mweupe. Hapa sanaa yetu imetubariki: mstari mweusi mnene unaozunguka maumbo, uliozoeleka kwenye katuni za Dar es Salaam na kwenye ubao wa Tingatinga, huficha kuhama huko. Kuutumia ni kuendeleza mkono wa nyumbani na kuisaidia mashine kwa wakati mmoja.

Mengine ya kiufundi ni machache, na yote ni ya lazima. Fanya kazi kwenye ramani ya kifungashio aliyokupa mchapaji, si kwenye vipimo vya kukisia. Ongeza milimita 3 za rangi nje ya mstari wa kukatia. Usiweke kitu cha maana kwenye mikunjo wala kwenye sehemu ya kuziba kwa moto, kwani huko plastiki hujikunyata. Picha ya pikseli iwe na 300 kwa inchi katika ukubwa halisi, na jina na nembo viwe vya vekta. Badilisha rangi ziende mfumo wa CMYK ukiwa bado unachora, maana kijani na chungwa vinavyowaka kwenye simu hupoa kwenye karatasi. Kwenye khaki au plastiki inayoonyesha ndani, uliza kama mchapaji anaweza kutanguliza wino mweupe. Asipoweza, rangi zako zitamezwa.

Mwisho, dai sampo. Mteja aione sampo mkononi, asome kila neno, akubali kwa maandishi, ndipo maelfu yachapwe. Kosa la herufi moja kwenye "viambato" ni dogo kwenye skrini, na ni hasara kubwa kwenye roli nzima ya plastiki.

Bei inavyopatikana

Bei ya mchoro wa kifungashio ina sehemu mbili: kazi ya mikono na haki ya kutumia. Wengi hutoza ya kwanza tu.

Kazi ya mikono ihesabu hivi. Tuseme gharama zako za mwezi, yaani kodi ya chumba, chakula, umeme, bando, nauli, kuchakaa kwa kompyuta na akiba kidogo, ni shilingi 900,000. Katika mwezi, siku unazochora kazi za kulipwa labda ni 15, kwa sababu nyingine unatafuta wateja, unafuatilia malipo na kujifunza. Basi siku yako moja ni 60,000. Lebo inayohitaji siku tano ni 300,000. Chini ya hapo wewe ndiye unayemfadhili mteja.

Haki ya kutumia inategemea upana wake. Mchoro mmoja kwenye lebo moja inayouzwa Dar es Salaam kwa mwaka mmoja ni kitu kimoja. Mchoro ule ule kwenye bidhaa sita, mabango ya barabarani na masoko ya Kenya na Uganda kwa miaka mitano ni kitu kingine kabisa, hata kama ulitumia saa zile zile. Kwa mjasiriamali mdogo, unaweza kuongeza nusu ya gharama ya mikono kwa lebo moja na miaka miwili, yaani 150,000, na jumla ikawa 450,000. Kwa kampuni kubwa, haki ya kutumia inaweza kuizidi kazi ya mikono mara kadhaa, na ni halali, kwa kuwa mchoro unawauzia katoni kwa malaki.

Mteja akisema hana fedha hizo, punguza kazi, usipunguze thamani ya siku yako. Mpe mchoro wa rangi mbili badala ya sita, au umbo moja badala ya mandhari, au mwaka mmoja badala ya miwili. Akiahidi kwamba "bidhaa ikitoka utafaidi", mwambie kwa upole kwamba utafurahi kupokea kazi ya pili kwa bei yake. Na kampuni ikikulipa pungufu ikisema imekata kodi ya zuio, ambayo kwa huduma za kitaalamu ni asilimia 5, dai hati ya makato. Kwa kazi ya 450,000 hiyo ni 22,500, na ni kodi iliyolipwa kwa jina lako.

Haki yako na maandishi yake

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda mchoro wako katika uhai wako na miaka 50 baada ya kifo chako. Ulinzi unaanza mchoro unapokamilika. Kuusajili Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, kunakupa ushahidi mzuri siku ya ugomvi. Zanzibar ina sheria na ofisi yake, kwa hiyo bidhaa ikivuka maji mkataba uitaje Zanzibar.

Jambo ambalo sheria hailindi ni mtindo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya ubao, akauza Oysterbay, na akafariki mwaka 1972 akiwa bado kijana. Mtindo wake umeenea dunia nzima na kuwekwa juu ya kila aina ya bidhaa. Kutumia mtindo huo hakuhitaji ruhusa ya mtu. Lakini kunakili twiga wa mchoraji fulani aliye hai, mstari kwa mstari, kwa sababu mteja amekutumia picha yake, ni kuchukua mali ya mwenzako. Hivyo hivyo kwa picha za mtandaoni. Mteja akileta picha na kusema "nataka hii hii", muulize anapenda nini ndani yake, rangi, utulivu au ukubwa wa tunda, kisha uchore yako. Na wewe tunza rasimu zako zenye tarehe, maana ndizo shahidi wako.

Tenga nembo na mchoro. Nembo mteja ataipeleka BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kuisajili kama alama ya biashara, ambayo hudumu miaka 7 na kuhuishwa kila miaka 10 bila kikomo. Haiwezekani kumkodishia kwa mwaka mmoja. Nembo iuze moja kwa moja, kwa maandishi ya kuhamisha haki yenye saini, na kwa bei yake ya juu. Mchoro wa lebo ukodishe.

Mkataba si lazima uwe wa kurasa kumi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi, kwa hiyo hata WhatsApp inafaa ukiandika vizuri. Kwa mfano:

"Shikamoo mama. Tumekubaliana hivi: nitachora picha moja ya lebo ya achari ya embe, chupa ya gramu 400. Utaitumia kwenye lebo hiyo na kwenye matangazo ya achari hiyo mitandaoni, Tanzania Bara na Zanzibar, kwa miaka 2. Bei ni shilingi 450,000: nusu kabla sijaanza, nusu siku ya kukabidhi faili la kuchapia. Rasimu ni 2. Marekebisho mara 2 hayana malipo, kuanzia la tatu ni 30,000 kila moja. Kazi ikisitishwa baada ya rasimu, advansi hairudi. Haki ya kutumia inaanza malipo yakikamilika. Ukitaka kuiweka kwenye bidhaa nyingine, tutaongea upya. Kama ni sawa mama yangu, nijibu 'Nimekubali'."

Heshima imebaki, na kila kitu kimesemwa. Akijibu "Marahaba mwanangu, nimekubali", una mkataba. Rasimu zitume kwa ukubwa mdogo zikiwa na jina lako katikati. Faili la kuchapia litoke baada ya malipo ya pili. Faili la kazi lenye tabaka zote ni mali yako. Akilitaka, lina bei yake.

Kuwafikia wateja

Usingoje kuitwa. Maonyesho ya Sabasaba huanza mwishoni mwa Juni, na wazalishaji wanaotaka kuonyesha bidhaa huhangaikia lebo Mei, muda ukiwa umeshawaishia. Waendee Februari na Machi. Nenda ofisi za SIDO, shirika linalolea viwanda vidogo tangu 1973, uwaulize ni vikundi gani vinajiandaa. Ukifika Sabasaba mwenyewe, pita mabanda ya wajasiriamali ukiangalia nani ana asali nzuri kwenye lebo mbaya. Nunua, nenda nayo nyumbani, uichoree lebo mpya, kisha mrudie mwenye asali umwonyeshe. Mpaka atakapolipa, mchoro huo ni wako.

Kwenye kabrasha lako weka kazi chache zilizopigwa picha zikiwa juu ya chupa na paketi halisi, ikiwezekana nyuma ya nondo za duka. Mteja anataka kuona mchoro ukiuza bidhaa. Chini ya kila kazi andika mistari mitatu: mteja alikuwa na tatizo gani, ulifanya nini, ilichapwa kwa njia gani.

Jambo la mwisho linawahusu nyote kwa pamoja. Mchoraji mmoja akikubali lebo kwa elfu ishirini bila advansi na bila maandishi, anayeumia si yeye peke yake. Kesho mteja yule atamtajia jirani yake bei ile ile. Kutaneni, hata watano wa mtaa mmoja, mkubaliane mambo matatu: hakuna penseli kabla ya advansi, hakuna faili la kuchapia kabla ya malipo kukamilika, na hakuna kazi isiyosema itatumika wapi na kwa muda gani. Ambianeni bei zenu waziwazi, fundishaneni mashine, na mwenye kazi nyingi ampe mwenzake kwa masharti hayo hayo. Kazi ya kuchorea chakula cha watu ni kazi ya heshima: inamsaidia mzalishaji mdogo kusimama shelfu moja na bidhaa za nje, na inamsaidia mlaji kujua anachokinunua. Inastahili kulipwa vizuri, na malipo hayo yanaanzia kwenye swali utakalomuuliza mteja wako wa kesho.